Hapana wanaisema, sikilizeni vizuri

Mwandishi wa makala kuhusu adabu za Wakorea amefanya haraka kuwaita wanafiki, eti kwa sababu hawatamki "hapana". Mbona wanaisema kila siku! Bosi wa Seoul akivuta pumzi kwa meno, akanyamaza, kisha akasema "itakuwa vigumu kidogo", ujue ombi lako limeshakataliwa. Ukirudi kumkumbusha, wenzako watakuona huna nunchi, hujui kusoma hali ya watu. Mezani ndiyo usiseme, hata heshima huonyeshwa bila maneno: kijana humimina kinywaji kwa mikono miwili, na akinywa pombe mbele ya mkubwa hugeuza uso pembeni. Hapo nimemuunga mkono mwandishi kwa jambo moja tu: mzigo wa kuelewa humwangukia zaidi mdogo, na bosi mvivu wa kueleza hujificha humo humo.