Risiva za Japani za miaka ya 70 zilitengenezwa ili zifunguliwe

Ukikaa na wapenzi wa vyombo vya muziki vya zamani kutoka Japani, mazungumzo hufika haraka kwenye wati na kilo. Watakutajia Pioneer SX-1980 ya mwaka 1978, risiva, yaani amplifaya na redio ndani ya sanduku moja: wati 270 kwa kila chaneli, uzito kilo 35 na ushei, uso wa alumini iliyosuguliwa, vipimo vya sindano vinavyowaka gizani. Ni chombo kizuri na sina ubishi juu ya hilo. Ila naona tunakisifu kwa mambo ya pembeni. Wati nyingi siku hizi unazipata kwenye kiboksi cha ukubwa wa kitabu, na ziko amplifaya mpya za bei ya kawaida ambazo upotoshaji wake wa sauti ni mdogo kuliko wa risiva yoyote ya enzi ile. Anayesema sauti ya 1978 haijawahi kufikiwa anasema mapenzi yake tu, na mapenzi ni haki yake.

Heshima yangu kwa mashine hizi inatoka kwingine. Waliozibuni walikubali tangu mwanzo kwamba siku moja zitaharibika, tena mbali na kiwanda, na wakamwachia fundi asiyewajua njia ya kuingia.

Uzito wenyewe una kisa chake. Mwanzoni mwa miaka ya 70 soko kubwa la kampuni za Japani lilikuwa Marekani, na huko matangazo ya amplifaya yalikuwa vurugu. Kila mmoja alipima wati kwa namna iliyompendeza: wengine walihesabu mlio mmoja wa ghafla, wengine walijumlisha chaneli mbili wakaandika idadi moja kubwa. Mwaka 1974 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara, FTC, ikaweka kanuni. Nguvu itajwe kwa mlio wa mfululizo, chaneli zote zikifanya kazi kwa pamoja, na kiasi cha upotoshaji kitajwe pia. Zaidi ya hapo, kabla ya kupimwa, amplifaya iendeshwe saa nzima kwa theluthi moja ya nguvu yake.

Theluthi hiyo ndiyo iliyowabana. Amplifaya ya kawaida ya transista haipati joto kali zaidi ikiwa kwenye kilele. Hupata moto hasa ikiwa chini ya nusu ya nguvu, na kipimo cha FTC kiliangukia karibu kabisa na hapo. Kampuni ikitaka kuandika wati 100 bila kusema uongo, ilibidi iweke mapezi makubwa ya alumini ya kutolea joto, transfoma kubwa na makapasita makubwa, vile vipuri vya kuhifadhi umeme. SX-1250 ya mwaka 1976 ilikuwa na wati 160 kwa kila chaneli, na ndani yake kulikuwa na makapasita manne ya mikrofaradi 22,000 kila moja. Hizo kilo tunazozisifia ni gharama ya kusema kweli kwenye karatasi.

Nenda leo Kariakoo au River Road ukasome maboksi ya subwufa. Utakuta maelfu ya wati za PMPO, yaani za mlio wa ghafla tu, kisha ugeuze chombo uangalie kibandiko cha umeme mgongoni: kinakula wati mia moja, pengine pungufu. Hakuna chombo kinachotoa kuliko kinachokula. Miaka hamsini baada ya kanuni ile, mnunuzi wa kwetu bado anadanganywa kwa namna ileile waliyodanganywa Wamarekani kabla ya 1974, na sijui kwa nini mashirika yetu ya viwango yanalinyamazia jambo hili.

Hata wati za kweli zisikutie wazimu. Kutoka wati 135 kwenda 270 ni desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu, unahitaji takriban mara kumi ya nguvu. Pioneer SX-450, mdogo wa familia ya 1976, ilikuwa na wati 15 kwa kila chaneli, na sebule ya kawaida yenye spika zinazoitika vizuri haihitaji zaidi ya hapo.

Sasa legeza skrubu za kifuniko. Hapa ndipo penyewe. Utakuta bodi pana za saketi zenye nafasi, vipuri vimesimama upande mmoja na lehemu iko upande wa pili. Mara nyingi bodi ya umeme iko peke yake, ya tyuna (inayonasa redio) peke yake, ya nguvu peke yake, na waya zinazoziunganisha zina rangi tofauti. Kipuri kikifa unakiona, unakishika, unakitoa kwa lehemu ya kawaida na mkono uliotulia. Huhitaji hadubini.

Kila transista imeandikwa namba, na namba hiyo haikuwa siri ya kampuni. Japani ilikuwa na mfumo mmoja wa taifa wa kuzitaja: 2SA na 2SB ni za PNP, 2SC na 2SD ni za NPN (aina mbili za transista ambazo umeme wake hupita kwa mielekeo iliyo kinyume), kisha inafuata namba iliyosajiliwa. Mafundi wetu wameulea mfumo huo bila kuambiwa asili yake. Fundi redio yeyote wa Mwanza au Mombasa ukimtajia C945 au C1815 anajua unachosema na pengine anayo kwenye kopo. Ni 2SC945 na 2SC1815, herufi za mbele zimeachwa kwa sababu hata juu ya transista yenyewe haziandikwi. Kampuni ikifa, namba inabaki, na karatasi yenye sifa za transista hiyo inabaki, kwa hiyo unaweza kutafuta inayolingana nayo.

Halafu kuna kitabu cha fundi. Sisemi kijitabu cha mwenye chombo kinachoeleza kitufe kipi ni cha besi. Nasema kile chenye mchoro mzima wa saketi, volti zinazotakiwa kwenye kila kituo zimeandikwa pale pale, orodha ya vipuri, na hatua za kurekebisha mkondo wa transista za nguvu na tyuna. Ukiwa na multimita na mchoro huo unatembea kutoka kituo hadi kituo: hapa panatakiwa volti 13, nimekuta 4, basi ugonjwa uko nyuma ya hapa. Chombo kinakuwa hoja unayoweza kuifuata. Linganisha na vyombo vingi vya leo: kazi yote imo ndani ya chipu moja, mchoro hautolewi kwa mtu wa nje, na kifuniko kimebandikwa gundi.

Zinaugua nini? Makapasita ya elektrolitiki hukauka kwa joto na miaka. Rilei, ile swichi inayoendeshwa kwa umeme na kuunganisha spika, hupata kutu kwenye sehemu zinazogusana, chaneli moja ikaanza kukatika. Vidhibiti vya sauti huingia vumbi vikakwaruza, na dawa ya kusafishia inatosha. Iko pia gundi ya rangi ya kahawia iliyotumika kushikilia vipuri vikubwa. Kwa uzee hubadilika ikapitisha umeme na kula miguu ya vipuri, na isipokwanguliwa yote ugonjwa hurudi. Kuhusu makapasita nina msimamo: simpendi fundi anayeng'oa yote kwa siku moja kabla hajapima hata moja. Mengine, hasa ya plastiki, hayana tatizo lolote, na kila kipuri kinachotolewa bila sababu ni nafasi nyingine ya kunyanyua njia ya shaba kwenye bodi ya zamani. Pima kwanza.

Fikra hiyohiyo ya kumpunguzia mtu kero imo kwenye mashine za santuri. Japani ina umeme wa aina mbili tangu mwisho wa karne ya 19, pale Tokyo iliponunua mitambo ya Wajerumani na Osaka ya Wamarekani: mashariki hezi 50, magharibi hezi 60. Mota iliyofuata hezi za ukutani ilibadilika mwendo ukihama mji, hadi ubadilishe puli, kile kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda. Mwaka 1970 wahandisi wa Matsushita, kampuni yenye jina la Technics, wakiongozwa na Shuichi Obata walitoa Technics SP-10, ambayo sahani yake ilikaa moja kwa moja juu ya mota ya mwendo wa pole inayoongozwa na elektroniki. Mkanda wa mpira ukaondoka, puli ikaondoka. SL-1200 ikafuata mwaka 1972, na mwaka 1979 ikaja MK2, yenye sumaku ya mota chini ya sahani yenyewe na mwendo unaolindwa na fuwele ya kwotzi. Madijei waliifanyia kila ukatili ikavumilia. Technics waliacha kuitengeneza mwaka 2010, kisha wakairudisha SL-1200 mwaka 2016 kwa sababu watu hawakukubali ife.

Nakamichi Dragon ya mwaka 1982, deki ya kaseti, naistaajabia kwa sababu tofauti. Waliokua na kaseti za taarabu na dansi wanakumbuka: kaseti iliyorekodiwa kwenye deki moja, ukiichezea nyingine sauti ya juu inazama kana kwamba mwimbaji kafunikwa blanketi. Chanzo ni hedi, kile kipuri kinachosoma mkanda, kuinama kidogo tu ukilinganisha na ile iliyorekodi. Mafundi waliingiza bisibisi ndogo wakazungusha skrubu ya hedi huku wakisikiliza, mpaka matoazi yarudi. Dragon iliifanya kazi hiyo yenyewe. Hedi yake ya kusikilizia ilisoma sehemu mbili za njia moja ya mkanda, ikalinganisha kama mawimbi yanafika pamoja, na mota ndogo ikaigeuza hedi wakati muziki unaendelea. Ni uhandisi wa hali ya juu sana. Lakini mashine yenye saketi nyingi na mota nyingi kiasi hicho inahitaji fundi bingwa wa mashine hiyo, na hao ni wa kuhesabika. Naisifu, ila sitamshauri mtu wa kwetu aifukuzie.

Vivyo hivyo amplifaya za V-FET za katikati ya miaka ya 70. Transista ya aina hiyo ni tunda la utafiti wa Profesa Jun-ichi Nishizawa. Yamaha waliiweka kwenye B-1 ya mwaka 1974, na Sony kwenye TA-5650. Wanaozipenda wanasifu ulaini wa sauti yake. Tatizo ni kwamba zile 2SK60 na 2SJ18 za Sony hazitengenezwi tena na hazina mbadala wa kuweka tu ukaendelea. Zikiungua, umebaki na sanduku zuri. Yamaha NS-1000M, spika za mwaka 1974 zenye kuba (sehemu zinazotetemeka kutoa sauti) za metali ya beriliamu, nazo ni za kushika kwa adabu. Kuba iliyovunjika haina kiraka, na vumbi la beriliamu ni sumu kwa mapafu, kwa hiyo usimruhusu mtoto kuibonyeza wala fundi kuikwangua.

Miaka ya 80 mambo yalibadilika. Ndani ya Japani kampuni zilipigania bei zilezile, yeni 79,800 kwa amplifaya na 59,800 kwa spika moja, kila moja ikiongeza uzito kila mwaka hadi spika zikapita kilo 30. Hapo kilo zilikuwa zimeshageuka tangazo. Nje ya nchi yeni ilipanda baada ya makubaliano ya Plaza ya 1985, ya nchi tajiri kuishusha dola: dola iliyokuwa karibu yeni 240 ilishuka chini ya 130 kufikia 1988, na bidhaa nzito iliyojengwa vizuri haikuuzika tena kwa bei ile. Vyombo vya bei ya chini vikahamia kwenye moduli na plastiki. Nakamichi ilifilisika mwaka 2002, na Sansui, iliyoanza kama kampuni ya kutengeneza transfoma, mwaka 2014. Accuphase, iliyoanzishwa mwaka 1972, bado ipo na bado inapokea mashine zake za zamani kuzitengeneza. Hiyo ndiyo kampuni ninayoiheshimu kupita zote.

Ukitaka kununua, angalia mgongo wa chombo kabla ya uso. Za kuuzwa nje nyingi zina swichi ya kuchagua 120, 220 au 240. Za soko la ndani la Japani ni volti 100 peke yake, na ukizichomeka kwenye 230 ya Tanzania au 240 ya Kenya hazitakupa nafasi ya pili. Tafuta transfoma ya kushusha hadi 100, si 110, yenye uwezo mkubwa kuliko kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko. Hezi zisikusumbue, kwa kuwa Japani ina 50 na 60, vyombo vyake vya ndani karibu vyote vinakubali zote mbili, tofauti na vya Marekani vya hezi 60 tu, ambavyo transfoma yake inaweza kupata joto kupita kiasi huku kwetu.

Na redio? Aliyenunua gari lililotumika Japani ameshakutana nalo: FM yao ya enzi ile inaanzia megahezi 76 na kuishia 90, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Risiva ya ndani ya Japani ina ugonjwa huohuo. Fundi mwenye vifaa na kitabu anaweza kuisogeza tyuna, lakini ni kazi ya siku nzima na mshale kwenye kioo utaonyesha namba zisizo zake. Kwa hiyo lipia bei ya amplifaya, tyuna usiihesabu.