Anakaa na Mama

Jumatano iliyopita jirani yangu wa huku Uingereza alikwenda saluni. Najua, si habari. Ila bibi huyu ana miaka 78, mumewe amepotewa na kumbukumbu hadi kuvaa soksi mikononi, na tangu mwaka juzi hakuwa amekaa mbele ya kioo cha msusi. Alirudi nywele zimetuna vizuri, akanigongea mlango ili nimsifie tu. Nikamsifia. Nilipofunga mlango hasira zikanipanda, na sikujua namkasirikia nani.

Saluni ile ina historia yake. Miezi kadhaa nyuma alikuja afisa ustawi wa jamii kutoka halmashauri yetu. Bibi aliniomba niwepo, kwa kuwa kazi yangu ni hiyo hiyo ya kuhudumia wazee na yeye fomu zinamtisha. Nilijua maswali yatakayoulizwa. Mzee anakula mwenyewe? Chooni anafika? Ngazi anapanda? Yakaulizwa yote. Halafu yule dada akatoa fomu ya pili, akamgeukia bibi: "Na wewe, usiku unapata usingizi kiasi gani? Mgongo unaendeleaje? Ni jambo gani ulilipenda ambalo siku hizi hulifanyi tena?"

Bibi alifungua mdomo ajibu, akalia.

Msidhani ilikuwa hisani ya mtu mwenye roho nzuri. Ni sheria ya 2014, iliyoanza kutumika Aprili 2015: anayemhudumia ndugu au rafiki nyumbani ana haki ya kutathminiwa yeye kama yeye, hata kama mgonjwa mwenyewe amekataa kutathminiwa. Akionekana anaelemewa kwa kiwango kilichowekwa, halmashauri inawajibika kutafuta namna ya kumpunguzia. Kwa jirani yangu namna yenyewe ikawa mtu wa kuja kila Jumatano mchana kumwangalia mzee, ili yeye atoke. Alisubiri miezi minne kuipata, lakini aliipata.

Usiku ule wa fomu nilimpigia mdogo wangu Tanga. Mama yetu alipigwa na kiharusi, upande wa kulia wote hauna kazi, huu mwaka wa nne. Na mdogo wangu ndiye, mnajua tunavyosema, ndiye "anayekaa na mama."

Anakaa! Anamgeuza usiku kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Anafua mashuka alfajiri kabla maji hayajakatika. Uji anamnywesha kijiko kimoja kimoja, na kliniki anampeleka kwa bajaji, amemkumbatia njia nzima asidondoke. Cherehani lake liko kwenye kona, limefunikwa kanga, na wateja wake walishahamia kwa mwingine. Katika nyumba ile ya Ngamiani kama kuna jambo hajalifanya kwa miaka minne, ni kukaa.

Nikamuuliza kama yule afisa: "Mdogo wangu, usiku unalala kiasi gani?"

Kimya. Kisha: "Dada, nani kakwambia nini?"

Hapo ndipo nilipoumia. Swali la kujua hali yake lilimfika kama shtaka. Miaka yote ninapopiga simu huuliza, "Mama hajambo? Mama kala? Dawa za mama zipo?" Yeye ni dirisha tu ninalomwona mama kupitia.

Sasa najua yanayokuja. Yupo atakayesema huyu kaenda Ulaya kuosha vizee vya watu, leo anatufundisha adabu. Kuosha naosha, tena kwa ustadi, na ndiyo maana najua uzito wa mwili wa mtu asiyejiweza. Ninayemwosha mimi nalipwa, nina siku za mapumziko, na nilifundishwa kumnyanyua mtu bila kuvunja kiuno. Mdogo wangu kafundishwa na nani?

Mwingine atasema Wazungu wanawatupa wazazi wao, sisi bado tuna utu. Zamani nami nililisema hili kwa kiburi chote. Zipo nyumba naingia saa moja asubuhi, na najua hadi nitakaporudi jioni hakuna mwingine atakayegusa kitasa cha mlango ule. Mama yangu hajawahi kula peke yake. Hodi hazikatiki, wanaingia majirani, wajukuu, watoto wa madrasa, na kila mmoja ana dua yake. Hili siwezi kulibadilisha na kitu chochote cha huku. Lakini mtoto pekee wa jirani yangu anaishi Australia, humpigia mama yake kila Jumapili. Mimi naishi Uingereza, nampigia mama yangu kila Jumapili. Yule katupa, mimi nina utu? Nionyesheni tofauti.

Na hao wanaobisha hodi, nani anawapikia chai?

Msinielewe vibaya, huku si peponi. Nyumbani mnadhani kila kitu ni bure kwa sababu hospitali ni bure. Kuogeshwa nyumbani kwako hakuhesabiwi kuwa hospitali, ni kazi ya halmashauri, na halmashauri inaanza kwa kuuliza una nini benki. Ukiwa na akiba zaidi ya pauni 23,250, jilipie mwenyewe. Kiwango hicho hakijasogezwa tangu 2010, bei za kila kitu zimepanda chenyewe kimekaa pale pale. Ukihamia moja kwa moja kwenye makao ya wazee na hukuacha mwenzi nyumbani, nyumba yako nayo inaweza kuingizwa kwenye hesabu. Nimewahi kumsikia mzee aliyefanya kazi miaka arobaini akiuliza kwa sauti ndogo kama kuweka akiba ilikuwa kosa. (Ukivuka mpaka ukaingia Scotland, kuogeshwa na kuvishwa ni bure kwa wenye miaka 65 na zaidi tangu 2002. Kisiwa ni hicho hicho kimoja.)

Dakika nazo! Kwenye ratiba yangu kuna bibi niliyepangiwa dakika 15, ndani yake nimwamshe, nimsafishe, nimpe dawa na kikombe cha chai. Chai yenyewe huipoza kwa maji ya bomba ili anywe nikimwona. Na posho ya serikali kuu kwa anayehudumia nyumbani, kwa mwaka 2025 ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki, sharti uhudumie saa 35 au zaidi. Gawanyeni wenyewe, kwa saa haifiki pauni mbili na nusu. Jirani yangu hata hiyo hapati, pensheni yake ya uzeeni inaimeza yote.

Kwa hiyo sisifii pesa zao, wala upendo wao. Nasifia ile fomu ya pili.

Sisi tunayo sera ya wazee tangu 2003, na hospitalini lipo dirisha la wazee, siku likiwa na mtu. Mama angezaliwa na kuishi ng'ambo ya maji pale Pemba, angekuwa kwenye pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi. Naiheshimu sana ile. Lakini kote huko anayeonekana ni mzee. Binti anayemshika mkono hana safu kwenye karatasi yoyote. Sera yetu inasema familia ndiyo msingi wa matunzo ya mzee, nasi tukisikia "familia" sote tunajua imetajwa jinsia gani.

Ilichukua simu tatu mdogo wangu kunijibu. Hataki pesa. Anataka Alhamisi, kuanzia saa nane mchana hadi magharibi, afungue cherehani lake. Basi.

Nikaandika kwenye grupu la familia. Nikasema nitamlipa binti wa mama mdogo aje siku hiyo. Kaka yetu mkubwa, aliye Dar, akajibu kwa sauti ya dakika sita. Mtu wa kulipwa amguse mama? Watu watasemaje? Mila zetu ziko wapi? Nikamwacha amalize. Nikamkumbusha kuwa basi la Tanga lipo kila siku, nauli natuma mimi. Sikumwambia amwogeshe, mipaka naijua. Kuogesha ataogesha mdogo wangu kabla hajatoka. Yeye aje avute kiti, akae na mama. Akae kwelikweli, kwa makalio.

Leo Jumanne. Tiki mbili za bluu naziona.