GPS peke yake haioni foleni

Kuna mwandishi anayesema kifaa cha GPS kwenye dashibodi kitamwepusha dereva wa Nakuru na foleni ya Gilgil. Tusichanganye mambo. Setilaiti za GPS humwonyesha dereva alipo tu. Habari za foleni huja kwa bando la simu, au kwa mawimbi ya FM pale yanaporushwa. Vifaa vingi vinavyopokea habari za foleni kwa FM, antena yake imo ndani ya waya wa chaja, basi ukichomeka waya wowote wa dukani, ramani inabaki, foleni inapotea! Wanaotumia simu nao, ramani uliyopakua haitoshi, washa data. Mtandao ukikatika kati ya Salgaa na Mau Summit, wekundu wa foleni unaouona kwenye ramani ni wa zamani. Njia ya mkato ya vumbi? Kifaa hakijui mvua imeifanya tope.