Ramani Ukutani, Uamuzi kwa Anayelipa

Timu nyingi za programu hapa Nairobi bado hupanga kazi kwa orodha moja ndefu. Ombi la mteja linaingia, linapewa namba ya kipaumbele, na kila wiki mbili yaliyo juu yanachukuliwa. Wanaotetea ramani ya hadithi za watumiaji wanasema orodha hiyo ndiyo inayotupoteza, na kwa sehemu kubwa wana haki. Ila wanapoahidi kwamba ramani itamaliza pia ugomvi wa nini kitangulie, hapo wanaipa sifa isiyo yake.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Miaka ya 1990 Kent Beck na wenzake walizoea kuandika kila hitaji la mtumiaji kwenye kadi ndogo, kama hadithi fupi. Jeff Patton, aliyeeneza mbinu ya ramani na kuitolea kitabu mwaka 2014, alitaka kadi hizo zisirundikwe. Hatua za mtumiaji zinapangwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa mfuatano wa safari yake, na chini ya kila hatua zinashuka njia za kuitimiza, za lazima juu, za anasa chini. Kisha unapiga mstari wa mlalo. Kilicho juu ya mstari ni toleo la kwanza, mradi mtumiaji aweze kuianza safari na kuimaliza.

Chukua sacco ya wafanyabiashara wa soko la Gikomba inayotaka programu ya mikopo. Kwenye orodha utakuta kuingia kwa alama ya kidole, ripoti ya mwezi kwa kamati, kikokotoo cha riba, malipo kwa M-Pesa. Kila kitu kina maana, hivyo hakuna anayelalamika. Sasa yabandike ukutani: mwanachama anaweka akiba, anaomba mkopo, wadhamini wanakubali, kamati inapitisha, pesa inaingia kwenye simu, analipa. Chini ya "wadhamini wanakubali" hakuna kadi hata moja. Na hapo ndipo mikopo ya sacco hukwama, maana mdhamini anaweka rehani akiba yake mwenyewe. Hawezi kukubali kwa sababu tu ameletewa kitufe cha kubonyeza. Atataka kujua anadhamini kiasi gani, akiba yake imeshafungwa na mikopo ya nani, na kama mwombaji alimaliza deni la zamani. Tena wengine wanatumia kabambe, simu ndogo za kubonyeza, kwa hiyo kukubali kwao lazima kupitie USSD, ile menyu ya kupiga namba za nyota na reli. Jambo ambalo halikuwamo kwenye orodha linageuka kazi kubwa kuliko zote, na hakuna namba ya kipaumbele ambayo ingelifichua, kwa kuwa kisichoandikwa hakipewi namba.

Kwangu hoja hiyo peke yake inatosha kusema kila mradi mpya wenye watumiaji wa aina zaidi ya moja uchorewe ramani.

Lakini ramani hufuata anachokiona mtumiaji, na maumivu mengi yako asikokuona. Mwanachama anaweka namba ya siri ya M-Pesa, pesa inatoka, kisha uthibitisho unachelewa kufika kwenye seva ya sacco, au haufiki kabisa. Ukutani hiyo ni kadi moja tu, "analipa". Nyuma yake kuna kuuliza upya hali ya muamala, kuzuia malipo yaleyale yasiingizwe mara mbili, na mhasibu anayelinganisha taarifa ya paybill na vitabu vyake. Matakwa ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo hayana hatua yake kwenye safari ya mwanachama. Watetezi hujibu kwamba mhasibu naye ni mtumiaji, apewe safari yake. Sawa, ila ukishaongeza ya mhasibu, ya karani na ya mkaguzi, ukuta umejaa, na ile picha ambayo kila mtu angeielewa kwa kuitazama tu imepotea.

Kwamba timu imetawanyika, huyu Rongai na yule Ruiru, silioni kuwa tatizo zito. Ubao wa mtandaoni unatosha.

Kizito ni pesa. Kampuni ndogo za programu mara nyingi hulipwa kwa moduli, yaani sehemu mojamoja ya programu: ya wanachama ikikamilika, ankara; ya mikopo ikikamilika, ankara nyingine. Ramani inataka kinyume chake, kipande chembamba cha kila moduli kwanza. Ukiifuata, mwezi wa tatu unaweza kuwa na programu inayotoa mkopo toka mwanzo hadi mwisho, na huna moduli hata moja ya kudaia, wakati mishahara inasubiri. Kwenye zabuni za serikali ni pagumu zaidi, kwani Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka mabadiliko ya mkataba yapate idhini na yasipite viwango vilivyowekwa. Ile kazi ya wadhamini iliyogunduliwa ukutani itaingilia mlango upi?

Halafu yuko mwenyekiti. Akitaka ripoti yake iwe tayari kabla ya mkutano mkuu wa mwaka, kadi yake itapanda juu ya mstari, ramani ipende isipende. Faida iliyopo ni kwamba ataiona kwa macho yake kadi iliyoshushwa kumpisha, na pengine ni ya wadhamini. Orodha ingeificha ukurasa wa nne. Baadhi ya wenyeviti hubadili nia hapo; wengine hawabadili.

Ndiyo maana ningetaka ramani ichorwe kabla mkataba haujatiwa saini, kama kazi ndogo inayolipiwa peke yake, na chumbani wawemo wadhamini wawili watatu wa Gikomba wenyewe badala ya meneja anayewasemea. Malipo yapangwe kwa mistari ya mlalo iliyokubaliwa siku hiyo. Kwa timu inayotunza mfumo uliokwisha kuzoeleka, inayorekebisha hitilafu na kubadili viwango vya riba, ningeiacha na orodha yake.