Mkaa wa tiba ukae zahanati za visiwani, kwa masharti

Mkaa wa tiba, unga mweusi unaokorogwa na kunyweshwa aliyemeza sumu, hufanya kazi tumboni. Vitundu vyake vidogo mno huinasa sumu kabla haijaingia kwenye damu, ndiyo maana madaktari husisitiza saa ya kwanza baada ya kumeza. Sasa chukua mtoto wa Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria, aliyemeza dawa za bibi yake. Avushwe kwanza hadi Ukerewe, kisha kutoka Nansio kivuko cha Mwanza kichukue saa tatu hivi. Akifika Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza, saa hiyo imepita zamani. Kwa hiyo nasema mkaa ukae zahanati, anakofikishwa kwanza.

Wanaopinga wana hoja nzito. Utafiti wa Sri Lanka uliochapishwa mwaka 2008, wenye wagonjwa zaidi ya 4,600, wengi wao wakiwa wamekunywa viuatilifu au kula mbegu za mmea wenye sumu, haukuona mkaa ukipunguza vifo. Nauheshimu. Ila wengi wa wagonjwa wale walifika hospitali saa kadhaa baadaye, na swali langu ni la anayefika ndani ya nusu saa.

Kinachonitisha zaidi ni mapafu. Uji ule mweusi una chengachenga, mtoto huutema, na akilazimishwa hupaliwa. Ukiingia mapafuni unaweza kumdhuru kuliko alichomeza. Anayesinzia asipewe kabisa kama hakuna mtaalamu wa kulinda njia yake ya hewa, na mtaalamu huyo humpati kirahisi zahanati.

Tena mkaa haufai kila sumu. Mafuta ya taa, yale tunayoyaweka kwenye chupa za soda (tabia mbaya mno), hayatibiwi kwa mkaa, na kumtapisha mtoto kunazidisha hatari. Tindikali ni vivyo hivyo. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki, mkaa hauvinasi. Aliyekunywa dawa ya kuua wadudu wa pamba kule Magu au Kwimba anahitaji kwanza kusaidiwa kupumua, na atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo.

Na mkaa wa gunia si huo. Kuusaga na kumnywesha mtoto ni kupoteza muda wa safari.

Masharti yangu basi: awe macho, anameza mwenyewe, saa moja haijapita, na mganga wa zahanati ampigie simu daktari wa hospitali kabla ya kukoroga. Kipimo cha mtoto ni gramu moja kwa kila kilo ya uzito. Boti ikiwa tayari, aondoke, mkaa usimcheleweshe. Pakiti ya alichomeza iende naye, na saa aliyomeza iandikwe kwenye kadi.