Ghala la Kigoma na Ramani za Mafuriko: Kipi Kipimwe Kwanza?

Mwongozo wa Benki Kuu wa mwaka 2022 unazitaka benki zijue hatari za tabianchi zilizomo ndani ya mikopo yao. Kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha, IFRS S2, kilichotolewa Juni 2023, kinaitaka kampuni ieleze hatari za ghafla kama mafuriko na zile za polepole kama joto linalopanda. Kwa mwenye ghala karibu na bandari ya Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, swali ni nani ampimie hatari hizo. Wapo wanaosema anunue tathmini ya kompyuta: unaingiza mahali ghala lilipo, mfumo unarudisha alama ya hatari hadi mwaka 2050. Wengine, hasa wa bandarini na relini, wanasema ziwa wanalijua, na fedha hizo bora zinunue mawe ya kuinua tuta. Pande zote mbili zina hoja, ila kila upande una mahali unapokosea vibaya.

Tuanze na ramani. Tathmini nyingi za bei nafuu hutumia ramani za mwinuko za setilaiti ambazo kila chembe yake ni eneo la mita 30 kwa 30, ambazo kosa lake la urefu laweza kufika mita kadhaa. Hapa kwetu, tofauti ya sakafu kavu na sakafu iliyozama ni mita moja au mbili. Kosa la kipimo ni kubwa kuliko kitu kinachopimwa, hivyo alama inayotoka haina uzito hata ikiandikwa kwa desimali mbili. Isitoshe, mifumo mingi ya mafuriko imeundwa kwa mito na pwani za bahari. Mto hufurika na kushuka baada ya siku chache. Tanganyika haifanyi hivyo.

Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kalemie nchini Kongo, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa mvuke. Kwa mwaka wa kawaida hupanda na kushuka chini ya mita moja, kilele kikiwa karibu na Mei. Lakini mvua ikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, ziada hulimbikizana. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zilifuatiwa na kilele cha 1964, karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Baada ya mvua za 2019 na 2020 lilipanda tena, na mwaka 2024 likakaribia kimo hicho hicho. Burundi iliomba msaada wa kimataifa Aprili ya mwaka huo. Maji yakishapanda hivyo hukaa miezi, hata miaka. Kwa hiyo hasara ya ghala la ufukweni hutokana zaidi na muda ambao halitumiki kuliko kina cha maji ndani yake, na jedwali la uharibifu, lile linalogeuza kina cha maji kuwa hasara, lililotengenezwa kwa mafuriko ya siku tatu litaikadiria chini mno.

Kipimo bora hapa ni rahisi. Chagua asubuhi ambayo ziwa limetulia, chukua levo ya mpima ardhi (kifaa cha kupima tofauti za urefu), au hata mpira wa maji wa mafundi ujenzi ukiusogeza hatua kwa hatua, kisha pima kutoka usawa wa maji hadi sakafu. Siku hiyo hiyo andika kimo kinachosomwa kwenye kipimo cha bandari, ukilinganishe na kilele cha 1964. Sasa unajua sakafu yako iko juu au chini ya kilele hicho kwa sentimita ngapi. Ongeza nafasi ya mawimbi, ambayo ufukwe ulio wazi huihitaji zaidi kuliko ndani ya Ghuba ya Kigoma. Usiishie sakafuni. Maji ya ardhini hupanda kabla ya kuonekana juu: sementi huganda ghalani huku sakafu ikionekana kavu, na mashimo ya vyoo hujaa. Tanki la mafuta lililofukiwa ni hatari ya pekee. Tanki tupu la lita 20,000 likizungukwa na maji husukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani 20, na kama halikufungwa kwenye zege litainuka na kuvunja mabomba. Ziwa likipanda, weka tanki limejaa.

Hadi hapo wenyeji wameshinda hoja. Wanapoteleza ni kwenye kumbukumbu. Waliojenga karibu na maji Ujiji na Kibirizi katika miaka ya kina kidogo waliichukua hali hiyo kuwa ndiyo kawaida. Karne ya 19 ziwa lilifika juu zaidi ya 1964 kwa mita kadhaa, kabla ya Lukuga kufungua njia yake mwishoni mwa miaka ya 1870. Maarifa ya mtu mmoja hayafiki huko.

Mnyororo wa ugavi una tatizo jingine. Mipango mingi huandika "njia mbadala" bila kuuliza kama njia mbili zinaweza kufungwa na sababu moja. Mwalo wa Kibirizi, ulio jirani ufukweni, si mbadala wa bandari ya Kigoma ziwa likipanda. Bujumbura na Kalemie nazo ziko kwenye maji yale yale. Reli ya zamani iliyofika Kigoma mwaka 1914 ina udhaifu wake mkubwa mbali na hapa, kati ya Kilosa na Gulwe, ambako Mto Mkondoa hula tuta, kama mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalivyokata njia. Anayetathmini ghala lake tu ataukosa mto ulio mamia ya kilomita kutoka mlangoni kwake.

Hesabu ya mfano. Duka la jumla linauza bidhaa zenye gharama ya shilingi milioni 5 kwa siku, faida ghafi milioni 1.2. Njia ikikatika siku 12 mara moja kila miaka 4, hasara ni siku 3 kwa mwaka, yaani milioni 3.6. Kinga ni akiba ya siku 12, bidhaa za milioni 60, kuanzia Desemba hadi Machi. Kwa riba ya 18% kwa mwaka, miezi minne inagharimu milioni 3.6. Zimelingana. Lakini kukatika kukiwa mara moja kila miaka 3, hasara inapanda hadi milioni 4.8 na akiba inalipa, mradi bidhaa haziozi. Hapo ndipo wenye kompyuta wanapostahili kusikilizwa: daftari la stesheni linaonyesha njia ilikatika mara ngapi zamani, lakini halisemi kama mara hizo zinaongezeka. Takwimu za mvua za setilaiti zinazoanzia 1981, kwa vipande vya kilomita 5, zinaweza kusaidia kujibu, na hazihitaji ramani ya mwinuko.

Bima isichukuliwe kuwa jibu la yote. Mkataba huwa wa mwaka mmoja, na maji yanayopanda kidogo kidogo kwa miezi yanaweza kubishaniwa kama si tukio la ghafla. Soma kifungu hicho kabla ya kulipa.

Dagaa ni suala gumu zaidi. Mvua zikirefuka, dagaa waliotandazwa mchangani huharibika, na vichanja vyenye turubai hutibu hilo kwa gharama ndogo. Joto la ziwa halitibiki hivyo. Maji ya juu yakipata joto huchanganyika kwa shida na ya kina yenye virutubisho, na hakuna mwenye ghala anayeweza kubadili hilo. Anachoweza ni kutoweka mtaji wote kwenye samaki.

Maoni yetu: mkopo wa miaka mitatu kwa duka hauhitaji kielelezo cha kompyuta; unahitaji levo, daftari la siku za kukatika na hesabu kama hiyo ya akiba. Gati, daraja au tanki la miaka 40 ni jambo tofauti, kwa kuwa wajukuu watalitumia katika hali ya hewa ambayo daftari halijaiona. Hapo lipa wataalamu, ila kabla ya kusaini waulize kama kielelezo chao kina Ziwa Tanganyika na Lukuga ndani yake, na mwinuko wameupata wapi. Wakijibu setilaiti peke yake, wapeleke kwanza na levo ufukweni.