Mtanzania akiuawa ng'ambo ya Horohoro, kesi ni ya nani?

Lori la machungwa ya Muheza likivuka Horohoro, mpaka wetu wa Tanga na Kenya, linakaguliwa na maofisa wa nchi mbili walio chini ya paa moja. Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mpakani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2016, inamruhusu ofisa wa forodha wa Kenya kutekeleza sheria ya kwao akiwa katika eneo maalumu upande wetu, na wa kwetu vivyo hivyo akiwa Lunga Lunga, upande wa Kenya. Sasa mwenye mzigo naye avuke, afike Likoni, Mombasa, avamiwe usiku na auawe. Maombi rasmi ya ushahidi katika kesi yake, kati ya ndugu zake walioko Tanga na mpelelezi aliyeko pwani ya Kenya, yatapita kwanza Dodoma na Nairobi kabla hayajateremka tena pwani.

Nimeanza na machungwa kwa sababu yanaonyesha jambo moja: mamlaka ya nchi hayakuwa kikwazo pale tulipotaka biashara iende. Tuliketi, tukakubaliana nani afanye nini kwenye ardhi ya nani, tukaandika. Kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa safarini bado hatujaketi hivyo.

Kwa watu wa Tanga, kwenda nje ya nchi si lazima kuanzie uwanja wa ndege. Wadigo na Wasegeju wako pande zote mbili za mpaka. Mtu wa Mkinga, wilaya yetu ya mpakani, anaweza kuwa na shangazi Vanga na mashemeji Msambweni, ng'ambo ya pili. Wavuvi wetu huenda dago, yaani kambi ya uvuvi, Shimoni. Wafanyabiashara hupeleka mazao soko la Kongowea, wagonjwa hufuata matibabu Mombasa, na mabinti hupanda ndege kwenda Muscat, Oman, kufanya kazi za ndani. Msiba wa ng'ambo unaweza kuingia nyumba yoyote ya Ngamiani.

Tuangalie sheria ilivyo. Kifungu cha 6 cha Kanuni ya Adhabu kinazipa mahakama zetu uwezo wa kusikiliza makosa yaliyotendwa ndani ya nchi, na pia makosa yaliyotendwa na raia wa Tanzania popote alipo. Raia akiwa ndiye aliyetendewa, na mtendaji ni mgeni, kifungu hicho hakimsemei. Kwa hiyo Mtanzania akimuua Mtanzania mwenzake Ukunda, Kenya, kisha akakimbilia Pongwe hapa Tanga, anaweza kushtakiwa hapa. Mkenya akimuua Mtanzania palepale Ukunda, kesi ni ya Kenya, na sisi tunabaki waombaji.

Zipo nchi zilizochagua njia nyingine. Ufaransa inaweza kumshtaki mtu aliyemtendea Mfaransa kosa kubwa nje ya mipaka yake. Marekani ilijitungia sheria mwaka 1986 kwa ajili ya raia wake wanaouawa na magaidi ng'ambo. Hoja ya kuziiga ina uzito, kwa sababu mgeni aliyeuawa hana mjomba wa kugonga mlango wa mkuu wa kituo kila asubuhi akiuliza kesi imefikia wapi. Jalada lisilo na mwenye kulifuatilia hulala.

Hata hivyo, nikipima naona sheria ya namna hiyo ingetupa haki ya kwenye karatasi bila kutupa ushahidi. Kisa cha Julie Ward kinatosha kulionyesha hilo. Alikuwa Mwingereza, akauawa katika hifadhi ya Maasai Mara mwaka 1988. Maelezo ya mwanzo ya upande wa Kenya yalisema aliliwa na wanyama, na ripoti ya uchunguzi wa mabaki yake ilibadilishwa. Baba yake alikuwa na uwezo wa fedha na hakukata tamaa. Wapelelezi wa Scotland Yard, polisi wa London, wakaruhusiwa kwenda Kenya mwaka 1990. Askari wawili wa hifadhi walishtakiwa wakaachiwa mwaka 1992. Aliyekuwa mkuu wa askari wa hifadhi hiyo alishtakiwa, naye akaachiwa mwaka 1999. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani. Taifa lenye nguvu na baba mwenye mali hawakuweza kurudisha kilichopotea katika siku za mwanzo. Mvuvi wa Moa atapata nini kwa kifungu kipya cha sheria, ikiwa alama za pale alipouawa mwanawe zimekwisha kufagiliwa?

Ndiyo maana naamini tatizo kubwa liko katika kazi ya chini, ile ya kukusanya ushahidi mapema na kuufikisha unakotakiwa. Chukulia mama wa Tanga aliyeporwa na kukatwa panga Diani, pwani ya Kenya. Polisi wa huko watamwandikia taarifa kwenye kitabu chao na kumpa namba ya OB, yaani ya kitabu hicho, na daktari wa Msambweni atamjazia P3, fomu ya polisi wa Kenya ya kueleza majeraha. Akirudi kwake Duga, jeraha likachacha, atapelekwa hospitali ya Bombo, na huko ataulizwa PF3, fomu ya polisi wetu ya matibabu ya majeruhi. Akienda polisi Tanga kuitafuta, ataulizwa RB, namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni, na kosa halikutendeka Tanga. Aliyemshona yuko Kenya, aliyemtibu usaha yuko Tanzania, na hakimu wa Kwale, kaunti ya Kenya iliyo jirani yetu, anahitaji maelezo ya wote wawili ili aelewe jeraha moja. Kila aliyekutana na mama huyu amefanya kazi yake kama taratibu za kwao zinavyotaka. Aliyebeba karatasi kutoka meza hadi meza ni yeye mwenyewe, na mkono umefungwa bendeji.

Njia rasmi ya kuunganisha meza hizo ipo. Tanzania ina Sheria ya Kusaidiana katika Masuala ya Jinai ya mwaka 1991, Kenya ina yake ya mwaka 2011, na zote zinaruhusu nchi moja kuiomba nyingine ichukue maelezo ya shahidi, ipekue nyumba au ilete nyaraka. Maombi hupitia ofisi za juu serikalini. Wanaoitetea njia hii husema kila hatua inaacha alama: nani aliomba, kwa sheria ipi, kwa kosa gani. Wanaoilaumu husema ni ndefu mno, na mtuhumiwa haoni sababu ya kungoja.

Njia ya pili ni ya simu. Mkuu wa polisi upande huu anampigia mwenzake wa upande wa pili. Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana umoja wao tangu mwaka 1998, unaoratibiwa na ofisi ya Interpol ya kanda iliyoko Nairobi, na maofisa hukutana na kufahamiana. Kwa kutafuta pikipiki iliyoibiwa, kubadilishana picha ya mtu anayetafutwa, au kuziba njia za panya kabla muuaji hajatoroka, simu ina faida ambayo barua haitakuwa nayo. Mtu akiuawa leo, ningetaka simu hiyo ipigwe leo.

Lakini simu hiyohiyo inaweza kutumika kumpitisha mtu mpakani bila hakimu yeyote kuulizwa. Novemba 2024 mwanasiasa wa Uganda, Kizza Besigye, alitekwa Nairobi na siku chache baadaye akaonekana Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Mei 2025 wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikamatwa Dar es Salaam walipokuja kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani nchini. Walisema waliteswa, na polisi wa Dar es Salaam hawakuyakubali madai hayo. Atuhaire aliachwa karibu na Mutukula, mpaka wa Tanzania na Uganda. Mwangi alipatikana Ukunda, mji ulio kwenye barabara ileile tunayopita tukienda Mombasa kuwaona wagonjwa. Julai 2025 wakafungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki.

Hao nao walikuwa raia waliosafiri nje ya nchi zao. Ibara ya 7 ya Itifaki ya Soko la Pamoja inaitaka kila nchi mwanachama iwalinde raia wa nchi nyingine wakiwa katika ardhi yake. Tunaposema vyombo vya ulinzi vishirikiane zaidi dhidi ya uhalifu kwa wasafiri, ni lazima tujibu swali hili: anayelalamikiwa akiwa ni chombo chenyewe, simu atapigiwa nani? Ushirikiano wa polisi peke yake hauna jibu. Barua ndefu yenye saini inalo, kwa sababu inapita mikononi mwa mwendesha mashtaka na hakimu, na mlalamikaji anaweza kuidai.

Wapo watakaosema tahadhari hizi humnufaisha muuaji. Historia yetu wenyewe inasema vingine. Agosti 7, 1998 bomu lililipuliwa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, wakafa watu 11, wengi wao Watanzania. Mmoja wa washtakiwa, Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar, alikamatwa Cape Town mwaka 1999 na kukabidhiwa haraka kwa Wamarekani. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba kukabidhiwa kule kulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa serikali haikutaka kwanza ahadi kwamba hatapewa adhabu ya kifo. Uamuzi huo haukumwachia huru. New York alitiwa hatiani na kufungwa maisha. Mahakama iliweza kulinda haki ya mtuhumiwa wa kosa zito kiasi hicho, na waliopoteza ndugu zao bado wakaona kesi imekwisha kwa hukumu.

Kesi hiyo inatugusa kwa sababu nyingine. Kanuni yetu ya Adhabu inaagiza kunyongwa kwa anayetiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, ingawa hakuna aliyenyongwa tangu mwaka 1994. Siku tukimtaka mtu aliyemuua Mtanzania na kukimbilia Afrika Kusini au Ulaya, swali la kwanza watakalotuuliza ni kuhusu kitanzi. Tusipokuwa na ahadi ya kuwapa, huenda wasimlete.

Kwa walioko Ghuba, hata hayo niliyoyasema ya Kenya ni anasa. Hakuna kituo cha pamoja kati ya Tanga na Muscat. Chini ya mfumo wa kafala, yaani udhamini wa mwajiri, kibali cha mfanyakazi wa ndani kimefungwa kwa mwajiri wake, na pasipoti yake mara nyingi hukaa kabatini kwa mwajiri huyo. Human Rights Watch walieleza mwaka 2017 mateso ya wafanyakazi wa Kitanzania Oman na Falme za Kiarabu: vipigo, mishahara isiyolipwa, udhalilishaji wa kingono. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli unaitaka nchi mwenyeji itoe taarifa kwa ubalozi mgeni anapofariki. Kwa aliye hai, akatoroka, akarudi nyumbani na makovu, ushahidi unakuja naye mpaka kituo cha polisi cha Chumbageni na kukaa hapo. Dawati la jinsia linaweza kuandika maelezo yake. Kuyapeleka kwa mwendesha mashtaka wa Oman ni kazi nyingine kabisa, na ni hapo serikali husita, isije ikaonekana inaharibu nafasi za ajira za wengine. Naielewa hofu hiyo. Familia zinalishwa na fedha zitokazo huko. Ila mwajiri anayejua hakuna maelezo yatakayovuka bahari hana cha kuogopa, na binti anayefuata ataingia nyumba ileile.

Hoja ya gharama nayo isidharauliwe. Mpelelezi wa Mkinga ana kesi za mauaji za hapahapa, na mafuta ya gari hayatoshi. Kwa nini atumie siku kuchukua maelezo kwa ajili ya mahakama ya Kwale? Jibu langu ni kwamba tutatendewa tunavyotenda. Madereva na wafanyabiashara wa Kenya hulala Muheza na Korogwe. Juni 2012 miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilikutwa Dodoma, vijana waliokufa ndani ya lori wakisafirishwa kuelekea kusini. Na wao walikuwa raia wa nchi fulani, wana wazazi wanaotaka kujua nani alifunga mlango wa lori lile. Uzito tunaowapa wazazi hao ndio tutakaokuwa na haki ya kuudai mtoto wetu akiuawa Nairobi.

Ningependa mambo mawili yafanyike pamoja, maana moja bila la pili lina hatari. Waendesha mashtaka wa Tanga na wenzao wa Kwale na Mombasa waruhusiwe kuandikiana moja kwa moja katika makosa makubwa dhidi ya wasafiri, nakala ndizo ziende Dodoma na Nairobi. Maelezo, picha, fomu za daktari na namba za majalada ziende kwa njia hiyo, siku hiyohiyo ikibidi. Na mtu asivushwe mpaka kwa mikono ya polisi, awe muuaji au mwanaharakati, mpaka hakimu wa upande anaotolewa awe amemwona na kusikia ombi. Taarifa zikimbie, binadamu apite mahakamani. Polisi wengine wataona sharti la pili linawafunga mikono. Linawafunga kweli, na baada ya yaliyotokea 2024 na 2025 sioni namna ya kuliondoa.

Kuna jambo dogo ambalo mikataba hailigusi. Kesi ikisikilizwa Kwale, shahidi anayetoka Moa anatakiwa apate kibali cha kuvuka, nauli ya kwenda na kurudi, na pa kulala kama kesi haikumalizika. Mara nyingi haimaliziki. Inaahirishwa, naye anarudi nyumbani bila kusikilizwa, mavuno ya siku mbili yamepotea. Mara ya tatu haendi, na mtuhumiwa anaachiwa kwa kukosekana shahidi. Mahakama za Tanzania na za Kenya zote zimeshazoea kusikiliza watu kwa video tangu mwaka 2020. Chumba chenye kompyuta na intaneti ya uhakika kwenye mahakama ya Mkinga kingemwezesha shahidi huyo kutoa ushahidi Kwale asubuhi na kurudi baharini jioni. Kama fedha ni za kitu kimoja tu, ningeanza na chumba hicho.